Kamera inahesabuje mapigo ya moyo kwa kuangalia uso tu (na kwanini kalenda ya ukutani kwetu ina mapigo 66)

Wiki tatu zilizopita nilipakua apu inayosema inapima mapigo ya moyo kwa kuangalia uso, hugusi kitu, unakaa mbele ya kamera ya selfi sekunde 30 umetulia kama unapigwa picha ya paspoti halafu namba inatoka. Ikaniambia 74. Nikashika kifundo cha mkono nikahesabu mwenyewe, 76. Nikasema hii kitu noma. Mdogo wangu, ambaye haamini chochote kuanzia utabiri wa hali ya hewa mpaka matokeo ya mpira, akachukua simu akaielekeza kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mama mmoja anatabasamu ameshika dumu la mafuta ya kula, akasubiri sekunde zake 30, na apu bila hata aibu ikamwambia mapigo ni 66, hali nzuri kabisa.

Tulicheka sana. Ila baada ya kucheka nikabaki na kitu kinanisumbua, maana yote mawili ni kweli kwa pamoja: kamera ya kawaida inaweza kuona moyo wako unavyodunda kupitia uso, hilo halina ubishi tena, na programu hiyohiyo inaweza kuipa karatasi mapigo. Mimi ni mtu wa kompyuta, sio daktari, kwa hiyo nikaingia kuchimba upande ninaouelewa, na upande wa hospitali nikawa namsumbua shemeji yangu ambaye ni nesi.

Tuanze na damu yenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama mililita 70 kwa kila pigo, na ile damu haitiririki kama maji ya bomba, inakwenda kwa mawimbi, wimbi linafika mpaka kwenye vimishipa vidogo kabisa chini ya ngozi ya paji la uso na mashavu. Wimbi likifika damu inaongezeka kidogo pale, likipita inapungua. Sasa himoglobini, ile inayofanya damu iwe nyekundu, inanyonya sana mwanga wa kijani. Kwa hiyo wimbi likiwa usoni, mwanga wa kijani unaorudi kwenye kamera unapungua kidogo, likipita unaongezeka. Yani uso wako unafifia na kung'aa kila moyo unapodunda, siku nzima, mbele ya watu, na hakuna anayeona. Kwanini kijani? Kwa sababu mwekundu damu inaurudisha (ndo maana tunaiona nyekundu) na wa bluu hauzami sana kwenye ngozi, unaishia juu juu. Kijani kiko katikati, kinazama vya kutosha kuikuta damu na kikiikuta kinamezwa.

Hii ya kutumia mwanga sio mpya. Alrick Hertzman huko Marekani alikuwa anapima damu ya vidoleni kwa mwanga tangu miaka ya 1930, na kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni na mapigo, ambacho wengi tulikijua kipindi cha Korona, kinatokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi ya miaka ya 1970. Ila hao wote walihitaji kugusa, taa yao wenyewe imebanwa kwenye ngozi. Mwaka 2008 ndo Verkruysse, Svaasand na Nelson kutoka California walionyesha kwamba kamera ya kawaida ya dukani, imewekwa mbali kidogo, na mwanga wa kawaida wa chumbani, inatosha, na wakaonyesha kwamba kwenye rangi tatu za kamera ile ya kijani ndo yenye mapigo ya wazi zaidi. Hakuna leza, hakuna kifaa cha ajabu. Kamera kama uliyonayo mfukoni.

Sasa hapa ndo pananishangaza mimi mpaka leo. Kila pikseli (kile kidoti kidogo kinachounda picha) kwenye vidio inaandika rangi kwa namba kuanzia 0 mpaka 255, na mabadiliko yanayoletwa na moyo mara nyingi hayafiki hata namba moja. Pikseli ilikuwa 131, inatakiwa kwenda 130 na nusu, lakini haina nusu, na juu ya hapo sensa ya kamera, ile sehemu inayonasa mwanga, ina kelele zake inaruka ruka 129, 132, 131 bila sababu. Ukiangalia pikseli moja huoni kitu kabisa. Inawezekanaje basi?

Fikiria harusi ya uswahilini. Kila mtu pale anapiga stori yake, huyu anamsema wifi, yule anaulizia pilau, watoto wanalia, lakini muziki ukikolea wote wanapiga makofi kwa pamoja. Ukiwa nyumba ya tatu husikii stori ya mtu hata mmoja, zimemezana, lakini makofi unayasikia vizuri na unaweza hata kuyahesabu. Ndo hivyohivyo. Programu inachukua uso, labda pikseli elfu 10 za paji na mashavu, inazijumlisha na kutafuta wastani wa kijani kwa kila fremu (picha moja moja zinazounda vidio). Kelele za pikseli ni stori za watu, kila mmoja na yake, zinamezana. Wimbi la damu ni makofi, linawagusa wote kwa wakati mmoja, linabaki. Kwa hesabu, ukijumlisha pikseli elfu 10 zenye kelele zisizohusiana kelele inapungua mara 100. Hapo nusu ya namba inaanza kuonekana.

Kwa hiyo vidio nzima ya uso wako inageuka kuwa namba moja kwa kila fremu, fremu 30 kwa sekunde, na ukizichora unapata mstari unaopanda na kushuka. Kilichobaki ni kujua unapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika, na kwa hilo watu wanatumia hesabu ya yule Mfaransa Fourier, ambayo inachukua wimbi lililochanganyikana na kulichambua kwa mwendo, inakuambia humu ndani kuna kitu kinachocheza taratibu kiasi hiki, kuna kingine cha haraka kiasi hiki, na kila kimoja kina nguvu gani. Unapata grafu yenye vilima. Moyo wa binadamu unajulikana unacheza wapi, kwa hiyo wengi wanakata kati ya 42 na 240 kwa dakika, nje ya hapo wanatupa, halafu wanachagua kilima kirefu kuliko vyote. Hicho ndo mapigo yako.

Umeshaona kalenda ilivyopata 66?

Karatasi haina moyo lakini vidio yake ina kelele, mkono wa mdogo wangu unatetemeka, feni inapitisha kivuli, sensa inaruka ruka, na kelele yoyote ile ukiichambua na kuikata kati ya 42 na 240 lazima kutakuwa na kilima kimoja kirefu kuliko vingine hata kama kimezidi wenzake kidogo tu. Ni kama umuulize mtu kwenye darasa la chekechea nani mrefu, atakutajia mtoto mmoja, haina maana mle ndani kuna mtu mrefu. Programu haikudanganya, iliulizwa swali baya. Swali zuri linakuwa mawili: kilima kirefu kiko wapi, na je, kimewazidi wenzake kwa mbali kiasi cha kuaminika? Programu iliyotengenezwa na mtu makini inauliza yote mawili, na ikiona vilima vinalingana inakataa, inakuambia sijapata, sogea kwenye mwanga, rudia. Kwa hiyo ukiona apu haijawahi kukataa hata siku moja, usiisifie kwamba ni kali, hiyo ndo ya kuogopa.

Kuna na suala la muda ambalo watu wanalipita. Kwa hesabu hii ya kawaida ukirekodi sekunde 10 tu vilima vinakaa kwenye ngazi za mapigo 6, yani inajua 66, 72, 78, katikati inakisia. Ukirekodi sekunde 30 ngazi zinakuwa za 2. Ndo maana wanakuambia tulia nusu dakika. Na kuna mtego mwingine wa simu: kwenye giza simu nyingi zinapunguza fremu ili kila fremu ipate mwanga zaidi, unadhani unarekodi fremu 30 kumbe ni 15, na programu isiyosoma saa ya kila fremu, imeandikwa tu kwamba fremu ni 30 basi, itakuzidishia mapigo mara mbili. Una 75 inakuambia 150. Unakimbizwa hospitali na mwandishi wa programu mvivu.

Tatizo kubwa zaidi ya kelele ya sensa ni wewe mwenyewe. Unageuza kichwa, unatabasamu, unaongea, wingu linapita dirishani, na mabadiliko ya hayo yote ni makubwa kuliko ya damu mara nyingi mno, na hayamezani kwa wastani kwa sababu yanagusa uso mzima kwa pamoja, ni kama mtu amekuja na spika pale harusini. Hapa ndo akili nyingi imetumika. Mwaka 2010 Poh, McDuff na Picard wa chuo cha MIT cha Marekani walisema kamera ina rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, basi tuzichukulie kama maikrofoni tatu zilizowekwa sehemu tofauti za ukumbi, kila moja inasikia kila kitu lakini kwa viwango tofauti, na kuna hesabu ya kutenganisha sauti zilizochanganyika hata kama hujui kabla zilichanganywaje. Wakafanya kwa kamera ya laptopu, na watu wakiwa wanajitikisa kidogo.

Baada yao Gerard de Haan na wenzake wa kampuni ya Philips na chuo cha Eindhoven kule Uholanzi wakaja na wazo ambalo mimi naliona zuri zaidi kwa sababu limeanzia kwenye ngozi badala ya kuanzia kwenye hesabu. Ukisogea kivulini, rangi zote tatu zinapungua kwa uwiano uleule, uso ule ule ila na giza. Damu ikija, kijani kinapungua sana na nyekundu kidogo tu, uwiano unaharibika. Basi badala ya kuangalia kijani peke yake angalia uwiano baina ya rangi, chochote kinachobadilisha zote sawasawa kinajifuta chenyewe, kinachobaki kina nafasi kubwa ya kuwa damu. Njia yao ya kwanza ilitoka 2013, nyingine iliyoboreshwa 2017, na mpaka leo watu wakileta mambo yao ya akili bandia wanalazimika kujipima nazo.

Na ukitaka kuona kwa macho yako, 2012 watu wa MIT walitoa njia ya kukuza mabadiliko madogo kwenye vidio, wanaikuza ile rangi mpaka unamuona jamaa uso unawiva na kupauka, unawiva na kupauka, ukiona mara ya kwanza unajishika shavu. Mwaka uliofuata wenzao wa palepale wakafanya kituko kingine, wakaacha rangi kabisa wakapima mtikisiko, maana damu ikirushwa kichwani kwa kila pigo kichwa nacho kinacheza kidogo sana, na kwa njia hiyo walisoma mapigo hata mtu akiwa amevaa barakoa au amegeuka wamerekodi kisogo.

Haya, sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Melanini, rangi ya ngozi, imekaa tabaka la juu na damu iko chini yake. Mwanga ukitaka kwenda kuiona damu unapita kwenye melanini, na ukirudi unapita tena, kwa hiyo unakatwa ushuru mara mbili. Ngozi ikiwa nyeusi zaidi mwanga unaorudi na habari za damu ni mdogo zaidi, lakini kelele ya sensa haijapungua, iko palepale, na simu ikiona uso uko gizani inajiongeza yenyewe na kuikuza na hiyo kelele. Kwa hiyo kilima cha moyo kinafupika huku vya kelele viko vilevile. Mwaka 2020 Nowara, McDuff na Veeraraghavan walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali wakaona ubora unashuka waziwazi kwa ngozi nyeusi kabisa, ile inayoitwa aina ya 6 kwenye kipimo cha Fitzpatrick.

Na hicho kipimo chenyewe kina stori. Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard, alikitengeneza 1975 kwa ajili ya kujua ngozi inaungua vipi na jua, na mwanzoni kilikuwa na aina 4, zote za Wazungu. Aina ya 5 na 6 ziliongezwa baadaye. Ukiangalia utaona Wazungu wamegawanywa vizuri kuanzia anayeungua kwa dakika chache mpaka anayebadilika rangi taratibu, halafu kuanzia maji ya kunde mpaka mweusi ti tumepewa madroo mawili tubanane humo. Kwa hiyo hata mtu akikuambia amepima kwa aina zote 6 muulize aina ya 6 walikuwa wangapi.

Usidhani ni jambo la kinadharia. Kile kibanio cha kidoleni ambacho kina taa yake kali na kimekugusa kabisa, kiliwekwa kwenye mizani na watafiti wa Michigan Desemba 2020: kati ya wagonjwa ambao kibanio kilisema oksijeni yao iko kati ya asilimia 92 na 96, vipimo vya damu yenyewe vilionyesha iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu ya weupe. Hapo ni oksijeni, ambayo ni ngumu kuliko kuhesabu mapigo, kuhesabu mapigo kibanio hakina shida kubwa, lakini picha umeipata: kama kinachogusa kinateleza, kinachoangalia kwa mbali kupitia selfi kina kazi zaidi.

Ila sio kwamba haiwezekani kwetu, hapana, nataka nieleweke. Mwanga mwingi unasaidia, mwanga wa dirishani asubuhi sio balbu ya njano iliyoko nyuma yako. Muda mrefu unasaidia. Na kuna kiganja! Ndani ya kiganja hatuna melanini nyingi na damu imejaa, nilipoandika programu yangu mwenyewe ya mistari kama 60 nikarekodi kiganja pembeni ya shavu, kilima cha kiganja kilikuwa kinajitokeza chenyewe wakati cha shavu nakitafuta. Zima na ile filta ya kulainisha uso, simu nyingi zinakuja imewashwa tayari, kazi yake ni kuifanya ngozi iwe na rangi moja, yani inafuta kilekile tunachokitafuta. Na usimtumie mtu vidio kwa WhatsApp ukitegemea apimie pale, vidio ikibanwa iwe ndogo kinachotupwa kwanza ni tofauti ndogo ndogo za rangi ambazo jicho halizioni.

Nani anaihitaji hii kitu kwa dhati basi, maana mtu mzima mwenye vidole viwili anaweza kujipima. Jibu zuri nililolikuta ni watoto njiti. Ngozi yao ni laini mno, ile gundi ya sensa ikibanduliwa inaweza kuondoka na ngozi, na Oxford pale hospitali ya John Radcliffe walijaribu kuwafuatilia watoto hao kwa kamera, matokeo ya mwanzo yakatoka 2014. Walijaribu pia kwa watu wazima wanaosafishwa figo, na wakalazimika kutafuta hesabu ya kuondoa kucheza kwa taa za hospitali, maana taa za umeme kwenye nchi za hezi 50 (umeme unaocheza mara 50 kwa sekunde) kama Uingereza, na kama kwetu, zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, wewe huoni ila kamera inaona.

Zile apu zinazoongeza na presha na sukari humohumo kwenye selfi, tuelewane. Mapigo ni kuhesabu mawimbi, wimbi lipo au halipo. Presha ni nguvu ya wimbi ndani ya mshipa, rangi haikuambii hilo moja kwa moja, inabidi ikisiwe, na apu inayokuomba kwanza umri, uzito na jinsia inaweza kukukisia presha ya kawaida ya mtu wa umri wako hata bila kukuangalia. Sukari ndo kabisa. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na hizo zinagusa mkono.

Kingine kinachonikera ni cha faragha. Kibanio cha kidole unajua umebanwa. Kamera haikuambii. Usaili wa kazi kwa vidio, mtu wa bima, mkopeshaji wa mtandaoni anayekutaka uangalie kamera kuthibitisha ni wewe, yeyote mwenye vidio nzuri ya uso wako anaweza kujaribu kujua moyo ulienda mbio ulipoulizwa swali gani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za afya zinahesabiwa nyeti, lakini hapa hujamtajia mtu afya yako, umemuonyesha sura tu. Hata kutambua vidio feki walitegemea hili, kampuni ya Intel 2022 walitangaza programu inayotafuta mapigo usoni wakiamini uso wa bandia hauna damu, halafu 2025 watafiti wa Berlin wakaonyesha kwamba vidio feki za siku hizi zinabeba mapigo ya mtu halisi aliyeigizia.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja na kibanio chake tukafanya jaribio la sebuleni. Mimi dirishani saa nne asubuhi: kibanio 72, apu 73. Mdogo wangu, ambaye ni mweusi kunizidi, palepale: kibanio 64, apu 61, sio mbaya. Usiku chini ya balbu: mimi kibanio 75, apu 98. Mdogo wangu kibanio 66, apu 112, na haikusema tafadhali sogea kwenye mwanga, ilisema tu pumzika unywe maji. Tulimpandisha na kumshusha ngazi mara tano pia, asubuhi na usiku: asubuhi dirishani apu ilifuata vizuri, ikapanda naye mpaka 120 na kitu. Usiku haikupanda wala kushuka, ikabaki na namba zake.

Shemeji akaangalia yale yote, akamshika mdogo wangu mkono, macho kwenye saa, sekunde 30, akazidisha mara mbili. Halafu akauliza, na yule mama wa mafuta ya kula leo ana ngapi? Tukampima. 84.